Mbwa Asiyechaguliwa

Wahenga wametuachia agizo la kutenda wema na kwenda zetu. Ni agizo zuri. Linamwepusha mtenda wema na maradhi ya kungoja shukrani, na linamwepusha aliyetendewa na deni lisilolipika. Aliyepewa maji njiani hana haja ya kumjua aliyempa. Hata hivyo, kuna mahitaji ambayo agizo hili haliyafikii, na mimi nimeyaelewa kwa kulitazama jambo ambalo wengi wetu hapa Bwiza, mtaa wa Bujumbura, hatulipi uzito: kumtunza mbwa ambaye hakuna anayemtaka.

Vituo vya kuokoa mbwa si vigeni katika ukanda wetu. Nairobi kuna KSPCA, chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama ambacho mizizi yake inarudi hadi 1910. Kampala kuna chama kama hicho, USPCA, na makazi yake ya mbwa yanayoitwa The Haven. Usa River, karibu na Arusha, kuna kituo kinachoitwa Mbwa wa Africa, na Bukavu, ng'ambo ya bonde la Ruzizi, kuna Sauvons nos Animaux. Shughuli zao zinafanana. Humchukua mbwa koko au mbwa aliyetupwa, humchanja, humhasi, humtibu majeraha, kisha humtafutia nyumba. Hawauzi mbwa wala hawagawani faida, kwa hiyo bila watu wa kujitolea mambo hayaendi: kuosha vibanda, kupika uji wa mahindi na mabaki ya nyama, kutoa kupe, kumtembeza mbwa kwa kamba, kukaa naye tu.

Wengi hupata nyumba. Wengine hubaki. Hubaki mbwa mzee mwenye mvi mdomoni. Hubaki jike, maana watu wengi wa kwetu wanataka dume la kulinda na wanaogopa usumbufu wa watoto wa mbwa, hata kama kituo kimekwisha kumhasi. Hubaki aliyekatika mguu kwa kugongwa na gari, aliyewahi kuuma mtu, aliyefungwa mnyororo muda mrefu hadi hajui kutembea kando ya binadamu. Na hubaki yule wa kienyeji mwenye rangi ya udongo, ambaye hana kasoro yoyote ila kwamba amefanana na wengine wote. Wageni wanaokuja kuchagua humpita. Jumamosi inayofuata wanakuja wengine, nao humpita.

Swali langu ni hili: kiumbe ambaye hatachaguliwa anatudai nini?

Nikiwa Bwiza siwezi kulijibu swali hilo kabla ya kusikiliza hofu ya majirani zangu, kwa kuwa ni hofu yenye sababu. Mbwa wa mtaa wetu huishi pembezoni mwa moshi wa mishikaki. Usiku hulala karibu na zamu anayelinda lango, na zamu mwenye moyo humtupia tonge la bugali na vichwa vya ndagala. Asubuhi watoto humrushia mawe. Mama anayemvuta mtoto wake amwepuke mbwa huyo hana ukatili wowote. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili, karibu hakuna anayepona, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Anayetaka kunishawishi nimpende mbwa bila kuutaja ugonjwa huo, simsikilizi.

Lakini hofu hiyohiyo, tukiifuata hadi mwisho, inatufikisha mahali tusipopategemea. Kuwaua mbwa wa mitaani peke yake hakumalizi kichaa, kwa sababu nafasi ya waliouawa hujazwa na wengine ambao hawajachanjwa. Kinachoukata ugonjwa ni chanjo: wakichanjwa mbwa asilimia 70 wa eneo moja, na hali hiyo ikadumishwa, kirusi hukosa pa kupita. Maana yake ni kwamba mbwa asiye na mwenyewe, akichanjwa na akabaki hai mahali pake, ni kinga ya watoto walewale wanaomrushia mawe. Kumkaribia kunatufaa kuliko kumfukuza.

Kuna hofu ya pili, ya kidini. Kwa upande wa Buyenzi, mtaa jirani, na hapa kwetu, Waislamu wengi wanafuata madhehebu ya Imamu Shafi, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo kioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Wafuasi wa madhehebu ya Maliki wanaona vingine. Sina elimu ya kuingia katika mjadala huo, wala hauhitajiki hapa. Hukumu ya najisi inamwambia mtu namna ya kuosha, na haijamwambia asihurumie. Dini hiyohiyo imehifadhi hadithi ya mtu aliyetoka kisimani akamkuta mbwa analamba udongo kwa kiu. Akashuka tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa meno apate kupanda, akamnywesha, na kwa hilo akasamehewa dhambi zake. Hakuuliza kama mbwa yule alikuwa mlinzi mzuri. Kiu ilitosha kuwa sababu.

Naithamini sana hadithi hiyo, lakini naona inaishia pale ambapo swali langu linaanzia. Mtu yule alimnywesha mbwa, akaendelea na safari yake. Kesho yake mbwa atapata kiu tena. Ndiyo maana mimi huiweka karibu na kisa kingine, cha vijana wa pangoni katika Sura ya Al-Kahf, waliolala miaka mia tatu na tisa. Mbwa wao alikuwa kizingitini, amenyoosha miguu yake ya mbele, na watu walipobishana kuhusu idadi ya vijana hao, kila kundi lilimhesabu na yeye. Katika kisa hicho hatusomi kwamba mbwa alibweka, alipigana au aliwinda. Alibaki nao, na kwa kubaki akahesabiwa.

Sasa nije kwenye pingamizi zito kuliko zote, ambalo mtu yeyote wa Bujumbura atalitoa kabla sijamaliza kusema: watu wana njaa, nawe unampikia mbwa? Hata mimi silioni kuwa pingamizi la kijinga. Katika nchi ambayo bei ya unga huamua kama familia italala imeshiba, kila sahani ina swali.

Wapo wanaolijibu kwa mfano wa Gulu, kaskazini mwa Uganda, na mfano huo ni wa kweli na unagusa. Francis Okello Oloya alipofushwa na bomu lililokuwa limefukiwa ardhini akiwa na umri wa miaka 12, alipokuwa akilima shamba la familia. Katika shule ya bweni, kwenda chooni usiku ulikuwa mtihani kwake, hadi mbwa waliokuwa wakizurura pale shuleni wakaanza kumsindikiza. Alipokua akasomea saikolojia ya jamii, akaanzisha mradi wa The Comfort Dog Project chini ya shirika la The BIG FIX Uganda. Mradi huo huwachukua mbwa waliotupwa, huwapa malezi na mafunzo, kisha humkutanisha kila mmoja na mtu aliyejeruhiwa rohoni na vita vya waasi wa Kony. Mtu aliyekuwa hawezi kulala kwa ndoto mbaya hupata kiumbe wa kulala karibu naye. Anayemtunza mbwa naye hutunzwa.

Sisi wa Bwiza tunaweza kulielewa jambo hilo bila mkalimani. Machi 1995 watu walitolewa kwa nguvu katika nyumba za Bwiza na Buyenzi, wengi wakavuka mpaka kuingia Zaire. Simfananishi binadamu na mbwa. Ninachosema ni kwamba mtu wa mtaa huu anajua hofu inavyoingia mwilini na kukaa humo, ikaendelea kuamka kila mlango unapogongwa hata kama anayegonga ni jirani mwema. Mtu huyo akimwona mbwa anayetetemeka kila mkono unapoinuliwa, hahitaji kuambiwa kwamba kiumbe huyo si mbaya.

Na bado jibu la Gulu halinitoshi. Linasema mbwa atunzwe kwa sababu anamponya mtu. Mwanafalsafa Immanuel Kant aliwafundisha wanafunzi wake kule Königsberg jambo linalofanana na hilo: mbwa aliyemtumikia bwana wake kwa uaminifu, akizeeka asiweze kazi tena, bwana anapaswa kumtunza hadi afe, kwa kuwa anayekuwa mkatili kwa wanyama hujizoeza ukatili kwa watu. Nakubaliana naye kuhusu mbwa mzee. Ila mbwa wake ametumikia. Wa Gulu ameponya. Wote wawili wana cheti mkononi. Mbwa ninayemzungumzia hana cheti: hakumtumikia mtu, hajamponya mtu, na pengine hatamwendea mtu kamwe. Ukimtoa katika hesabu kwa sababu hana manufaa, umekiri kwamba hata wale wengine ulikuwa unawalipa mshahara tu.

Hapo ndipo lile pingamizi la njaa linapogeuka. Kipimo kinachomtupa mbwa asiyefaa ndicho kinachomtupa bibi aliyepoteza kumbukumbu, mtoto ambaye hatasema kamwe, mgonjwa ambaye dawa zimeshindwa. Sisemi kwamba anayempuuza mbwa atampuuza bibi yake. Nawajua watu wema sana wasiotaka kumwona mbwa. Nasema kwamba mtu aliyejifunza kumhudumia kiumbe bila kungoja awe na faida amejifunza kitu ambacho familia zetu zinakihitaji sana, na ujuzi huo haukuchukua unga wa mtoto wa jirani. Mabaki ya chungu, bakuli la maji na saa moja ya mtu havijamnyima mtoto yeyote chakula.

Kujifunza kwenyewe kunafanyikaje? Ukimwuliza aliyezoea kazi hiyo, hatakueleza habari za mapenzi. Atakuambia ukae chini ukimpa mbwa ubavu, usimkazie macho. Weka chakula mbali, kesho yake karibu kidogo. Njoo saa ileile. Usipitishe mkono juu ya kichwa chake. Akirudi nyuma, usimfuate. Wiki zitapita huoni mabadiliko, kisha siku moja atakula ukiwa unatazama. Siku inayofuata huenda akakataa tena, na wewe utaanza upya bila kinyongo.

Katika kazi ya namna hiyo, mtu anayetenda wema na kwenda zake anaweza kufanya madhara. Vituo vingi hupokea vijana wanaojitolea kwa majuma machache, mara nyingi kutoka Ulaya na Marekani. Wanakuja na nguvu na moyo safi, wanamzoea mbwa mwoga, mbwa naye anawazoea, kisha ndege inaondoka. Kwa mbwa mchangamfu haina neno. Kwa yule ambaye ugonjwa wake ni kuachwa, ni kuachwa tena, safari hii na mtu aliyeanza kumwamini. Sitaki kuwalaumu vijana hao, maana mikono yao inahitajika kuosha, kupaka rangi, kubeba magunia. Lakini yule mbwa wa kibanda cha mwisho apewe mtu ambaye atakuwapo mwakani, na mara nyingi mtu huyo ni mfanyakazi mwenyeji anayefungua milango kila alfajiri, asiyepigwa picha, ambaye mbwa wote wanaitambua sauti ya viatu vyake. Tukitaka kujua maana ya huruma katika kazi hii, tumtazame yeye kwanza.

Kubaki kuna ukali wake pia. Anayebaki hupata kujua ukweli, na ni wajibu wake kuusema. Mbwa anayeuma asipewe familia yenye watoto kwa kusingiziwa upole, hata kama kibanda kimejaa na nafasi inatafutwa. Mbwa mwenye maumivu yasiyotibika asirefushiwe mateso ili mtunzaji ajisikie mwaminifu. Hapo daktari wa mifugo aitwe, na yule aliyemzoea akae karibu hadi mwisho. Hayo nayahesabu kuwa utunzaji kamili, sawa na kumpatia nyumba. Miaka sita ya kuoshewa kibanda, kuitwa kwa jina na kulala bila kupigwa ni miaka sita ya maisha ya mbwa, na haikuwa chumba cha kungojea kitu kingine.

Wewe unayesoma hapa Bwiza huenda huna kituo cha kwenda kila Jumamosi, lakini mbwa wa langoni unamjua. Mwekee maji mahali pale pale kila siku. Siku ya chanjo ikitangazwa, jirani aliyemzoea amfikishe kwa daktari wa mifugo. Mwambie mwanao aache mawe, na mwambie pia kwamba akiumwa au akikwaruzwa na mbwa aoshe jeraha papo hapo kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo. Na kama unaishi Nairobi, Kampala au Arusha na umeamua kuchukua mbwa, ukifika kituoni mwombe mhudumu akupeleke kwanza kwa yule aliyekaa hapo muda mrefu kuliko wote, na ukae naye.