Usimfunge Mlinzi Mikono

Juzijuzi kijana mmoja alinipigia simu saa nne usiku. Hakuamkia wala nini, neno la kwanza likawa, "Mzee, imegoma." Nikajua ni kompyuta, maana mke akigoma mtu humpigia mshenga. Alikuwa anaweka mfumo endeshi wa Qubes OS kwenye laptopu ya mtumba, kaishikilia tangu magharibi. Kugoma kwake hakukunishtua. Kilichonishtua ni alichoongeza: "Ila usihofu, nimeshapata amri ya kuilazimisha."

Wanangu, hapo kwenye kulazimisha ndipo ninapotaka tuzungumze.

Qubes wengi wenu mnaijua kwa sifa, hasa tangu Edward Snowden alipoisifia mwaka 2016. Mwanzilishi wake ni Joanna Rutkowska, mwanamke wa Poland aliyekwisha kupata jina mwaka 2006 kwa kuonyesha jinsi kompyuta inavyoweza kutekwa na mwenyewe asihisi lolote. Qubes aliitangaza mwaka 2010, na toleo la 1.0 likatoka 2012. Ichukulie kama nyumba ya vyumba vingi: mambo ya benki yana chumba chao, kazi ina chake, na yale mafaili mnayotumiana bila kujua yametoka wapi yana chumba cha kutumika mara moja kikabomolewa. Mwizi akiingia ukumbini, chumbani hafiki. Hata kadi ya Wi-Fi imetengewa chumba, kinaitwa sys-net, kwa kuwa ndiyo iliyosimama barazani ikipokea kila mpita njia.

Sasa sikilizeni vizuri. Kadi ya mtandao ina ruhusa ya kusoma na kuandika kwenye memori moja kwa moja, bila kupita kwa prosesa. Kinachoiwekea mpaka ni kifaa kilichomo ndani ya mashine yenyewe, IOMMU, ambacho Intel wanakiita VT-d na AMD wanakiita AMD-Vi. Kisipokuwepo, au kikiwa kimezimwa, kadi iliyotekwa inazunguka nyumba nzima, na vyumba vyenu vyote vinakuwa vimetenganishwa kwa pazia.

Kijana wangu aliambiwa haya. Usakinishaji ulipoanza tu, skrini ilimwandikia kwamba mashine haijitoshelezi, IOMMU haionekani. Akabonyeza kuendelea, kama tunavyobonyeza "nakubali" kwenye kila kitu siku hizi. Mwisho wa safari sys-net ikakataa kuwaka. Ndipo akaipata hiyo amri yake: unakibadilisha chumba cha mtandao kiende kwa mtindo wa zamani, PV, usiodai IOMMU. Na ingewaka! Wi-Fi ingeshika, picha ya skrini ingewafikia wenzake usiku uleule, na kuanzia hapo angeanza kuweka siri zake humo kwa moyo mweupe. Heri asiye na mlinzi akajijua hana.

Kwa hiyo mashine ikikwambia inakosa kitu, simama. Zima, washa, ingia kwenye baiosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe. Laptopu nyingine ni F2, nyingine F1 au Esc. Tafuta palipoandikwa Virtualization. Mara nyingi utakuta mistari miwili, VT-x na VT-d, na watu huwasha wa kwanza wakafunga wakidhani wamemaliza. Mtumba mwingi hufika mstari wa pili ukiwa umezimwa. Nyingine baiosi yenyewe imefungwa kwa nywila ya ofisi ya huko Ulaya ilikotoka. Hiyo mrudishie muuzaji kabla hajasahau sura yako. Na memori iangalie kabla ya kulipa: Qubes inataka angalau GB 6, wenyewe wanashauri 16.

Mengine nayapitia haraka. Ukiandika flashi ya kusakinishia kwa programu ya Rufus, chagua mtindo wa DD, la sivyo unaweza kukesha na flashi isiyowaka. Kibodi ya nje nayo ina mtego wake. Laptopu ikiwa na vitufe vilivyokufa, tunachomeka kibodi ya USB na maisha yanaendelea. Lakini Qubes inaweza kuvificha vifaa vyote vya USB kabla hata diski haijafunguliwa. Kama hukuiruhusu kibodi hiyo mapema, utawasha, utaulizwa nywila ya diski, na utabonyeza mpaka vidole viume. Kabla ya kuvunja kitu, jaribu vitufe vya laptopu yenyewe.

Lakini kuna jambo moja siwezi kulipitia haraka, nalo ni faili lenyewe la kusakinishia. Mnapewa kwenye flashi na rafiki wa rafiki ili kuokoa bando, kisha mnaliita mfumo wa usalama. Tarehe 20 Februari 2016 tovuti yenyewe ya mfumo mwingine, Linux Mint, ilidukuliwa. Aliyebofya kiungo cha toleo la 17.3 Cinnamon siku hiyo alipelekwa kwenye faili lenye mlango wa nyuma uliokwisha kutiwa. Watu hawakwenda uchochoroni, walikwenda dukani kwa mwenye mali. Tena aliyeweza kubadilisha kiungo anaweza pia kubadilisha tarakimu za uhakiki zilizoandikwa pembeni yake. Ndiyo maana Qubes wanatia sahihi mafaili yao, na sahihi hiyo mnaihakiki kwa programu ya gpg, mkiwa mmelinganisha alama za ufunguo wao mkuu kutoka sehemu zaidi ya moja. Ni dakika kumi. Sijawahi kumwona kijana akizitoa bila kusukumwa.

Na nakilini kazi zenu kwanza. Mimi nina jirani ambaye hadi leo ananisalimia kwa kichwa tu. Nilimfutia tasnifu ya miaka miwili kwa kuchagua diski isiyo yenyewe, nikiwa na uhakika kabisa kwamba nimeona vizuri. Diski zote mbili zilikuwa na ukubwa mmoja, na mimi nilisoma ukubwa bila kusoma jina.

Turudi kwa kijana wa simu: usiku ule nilimzuia asiitumie amri ile, na asubuhi yake alikuja na laptopu kwapani, safari hii na shikamoo. Tukaingia baiosi pamoja. VT-x ilikuwepo. VT-d haikuwepo, haikuzimwa, prosesa ile haikuzaliwa nayo. Nikamwambia mashine hii Qubes haiiwezi, na si aibu yake. Tukaweka mfumo wa Debian, diski nzima ikafungwa kwa nywila, na nywila akaiandika kwenye karatasi iliyobaki nyumbani kwa mama yake, kwa sababu ukiisahau hakuna fundi Kariakoo wala Marekani wa kukufungulia.

Alinuna siku mbili. Sasa anaitumia. Ile amri ya kulazimisha bado ameihifadhi kwenye simu, na kama anasoma hapa, naomba aifute.