Taswira ya Ubongo na Shahada ya Akili

Pale Kikopey, kando ya barabara kuu iendayo Nakuru, mzee aliyesahau jina la mwanawe huweza bado kutia kisu penye kiungo cha mbavu za mbuzi, akazitenga pasipo kugonga mfupa. Nami hujiuliza akili yake imekwenda wapi, na ni nani mwenye haki ya kuitolea shahada.

Matabibu wanayo skani ya PET, iupigayo picha ubongo kwa kufuata mng'ao wa dawa. Dawa ya flotausipiri, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020, hudungwa mshipani ikiwa na mnururisho hafifu, ikashikamana na protini ya tau, ile ambayo tabibu Alois Alzheimer, ambaye maradhi ya kusahau yameitwa kwa jina lake, alieleza nyuzi zake zilizosokotana mwaka 1906. Elimu hiyo naitukuza. Lakini shahidi huyu ana ila, kwani dawa hushika pia pasipo na tau, mathalani kwenye tishu itengenezayo maji ya ubongo, iliyo jirani na hipokampasi, makao ya kumbukumbu, hata mng'ao wa moja ukadhaniwa wa nyingine.

Tena, miongoni mwa watawa wa Marekani ambao mtafiti David Snowdon alianza kuwachunguza mwaka 1986, walikuwamo waliofariki na akili timamu, ilhali bongo zao, zilipopasuliwa, zilikutwa na nyuzi zile kwa wingi!

Sheria ya Kiislamu humwondolea taklifa, yaani wajibu wa kisheria, aliyepotewa na akili, lakini humpima kwa maneno na matendo yake. Kwa hiyo, picha na imsaidie tabibu kuyajua maradhi, wala kadhi au hakimu asimnyime mtu haki ya kuuza shamba lake kwa mng'ao wa skrini peke yake.