Mwalimu, Usiteremke Shimoni

Mjukuu wangu unayeshika chaki asubuhi na sururu usiku, kaa kidogo nikuambie. Nawe binti unayetibu wagonjwa mchana, jioni ukaenda kutwanga mawe ya dhahabu, sogea. Maneno haya ni yenu wote wawili.

Sikukatazi kutafuta. Najua mshahara hapa Nizi, katika Djugu, mashariki mwa Kongo, unachelewa, na siku unapofika madeni tayari yanausubiri mlangoni. Najua pia kwamba tangu Septemba 2019, Serikali ilipotangaza elimu ya msingi kuwa bure, ile primu, pesa ambayo wazazi walikuwa wakiwaongezea walimu kuziba pengo, imekatika. Mwenye watoto hawezi kukaa akikodolea macho benki.

Lakini shimoni, nakusihi, usiteremke.

Dhahabu hii si ya jana. Waaustralia wawili, Hannam na O'Brien, waliiona huku Kilo mwaka 1903, na tangu hapo milima yetu haijapumzika. Mwaka 1982, sheria ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati ule, ilipowaruhusu raia kuchimba, niliona madarasa yakibaki na ubao bila mwalimu. Walisema wanakwenda likizo moja tu, wapate bati za nyumba. Bati hazikuja, na wao hawakurudi darasani. Shimo linakupa ngazi ya kushuka. Ya kupanda utajitafutia.

Sikiliza jinsi linavyokukamata, mwanangu. Huanzi na pesa yako. Negosia, yule mnunuzi wa dhahabu, anakupa mchele, tochi, na mafuta ya mashine ya kuvuta maji, nawe unaahidi kumuuzia yeye peke yake. Siku mchanga unapotoa kitu, mizani ni yake na bei ni yake. PDG, mkubwa wa shimo, anachukua sehemu yake, kundi linagawana, na wa bariye, yule wa kizuizi, anakungoja njiani. Kinachobaki mkononi mwako ni deni. Kesho unarudi kulilipa. Kesho kutwa unarudi tena. Siku hiyo ujue kwamba kazi ya ziada imekuwa ndiyo kazi, na shule imekuwa kibarua cha kupitisha saa.

Na watoto wanakuona. Wanaona unasinzia kitini, daftari hazijasahihishwa tangu wiki jana. Mwalimu akilala, darasa zima linaota ndoto ya dhahabu. Kesho watakufuata huko huko.

Halafu kuna zebaki. Unaimwaga kwenye karai, unaisugua na mchanga kwa viganja vitupu, unaikamua kwa kitambaa mpaka kinabaki kidonge cheupe. Kidonge hicho unakichoma kwenye kijiko juu ya mbabula, jiko la makaa, ndani ya nyumba, mlango umefungwa ili jirani asijue. Zebaki inaondoka kama mvuke, dhahabu inabaki. Mvuke huo unaingia mapafuni, unapita kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Mikono inaanza kutetemeka. Mke wako mjamzito aliyekaa pembeni anaupeleka mpaka kwa mtoto aliye tumboni. Wewe binti wa hospitali unayajua haya kunishinda mimi. Kwa nini basi unayafanya?

Mnakumbuka Kamituga, kule Kivu Kusini, Septemba 2020. Mvua ilinyesha, mashimo yakajaa maji, wachimbaji wanaokadiriwa kuwa 50 wakafia humo. Na hapa kwetu Djugu wenye bunduki wanaijua njia ya shimo kuliko njia ya kanisa. Nani atakutafuta saa nane ya usiku?

Sheria nayo haitakukinga. Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inamkataza mtumishi wa Serikali kupewa kadi ya mchimbaji. Ukidhulumiwa, utamshtakia nani, na wewe mwenyewe hukutakiwa kuwa pale?

Nakusihi tena, usiteremke.

Kama ni lazima kuongeza, ongeza pale ambapo asubuhi utaamka mzima. Lima maharagwe. Fuga mbuzi. Shona, tengeneza simu, uza mawese sokoni Iga-Barrière. Ingia likelemba, kuchangiana pesa kwa zamu, na wenzako, na zamu yako ikifika nunua cherehani. Pesa yake ni ndogo, sikudanganyi. Lakini kazi ya pili iliyo njema hailali kitandani pako, wala haikufukuzi kwenye ile ya kwanza.

Na kama umeshaingia, mwanangu, usinifiche. Wiki hii nenda kwa negosia, uliza deni lako limefika ngapi. Mwambie mkeo ukweli. Anza kulilipa kidogo kidogo kwa mavuno ya shamba, usililipe tena kwa shimo. Negosia akikataa, njoo uniite; tutakwenda kwake pamoja na wazee wengine, tuzungumze. Mtoto wa Nizi hawezi kuuzwa kwa mfuko wa mchele sisi tukitazama.