Mlango Ulio Wazi na Asiyeingia

Wenye kutengeneza mambo ya siha ya watu husema mara nyingi: "Uwanja u wazi, na hapana aliyekatazwa, asiyekuja amejinyima mwenyewe." Maneno haya kwa dhahiri yake ni ya haki, walakini yataka kupimwa. Kwani kutomkataza mtu ni jambo moja, na kumwezesha ni jambo jingine. Mwenye kualika watu wa mila mbali mbali, kisha akawaandalia chakula kilicho haramu kwa nusu yao, hakumfukuza mtu. Lakini nusu ya wageni wake watarudi na njaa.

Bahari ya Nungwi, kaskazini ya Unguja, haina mlango wala bawabu. Juu ya hayo, wasichana wengi waliozaliwa ufukweni hapo walikua bila ya kujua kuogelea, kwa kuwa nguo zilizozoeleka kwa kazi hiyo hazisitiri, na wazee wao hawakuridhika nazo. Na bahari haimsamehe mtu kwa sababu ya haya yake. Mwezi wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama karibu na pwani hiyo, zikapotea roho kwa mamia. Si kila aliyekufa angaliokolewa na kuogelea. Lakini nani atakayesema ya kuwa elimu hiyo ni upuzi kwa watu wa visiwani? Mradi wa Panje ulipowafundisha wasichana wa Nungwi kwa nguo zenye kusitiri mwili mzima, waliingia majini na haya yao wakatoka nayo, na wako waliojifunza wakawa walimu wa wenzao. Bahari haikubadilika, wala dini haikubadilika. Kilichobadilika ni nguo.

Ama kizuizi chaweza pia kuwa ni jicho la mtu. Katika Uingereza, njia za vilima vya Peak District ni za watu wote. Siku ya Krismasi ya mwaka 2021 Waislamu zaidi ya mia, wa chama cha Muslim Hikers, walitembea huko kwa miguu. Zilipoenea picha zao, baadhi ya watu waliwatolea maneno ya dharau, kana kwamba milima ina wenyewe. Sheria ilikuwa imewafungulia njia, na ndimi zikataka kuifunga.

Huenda akasema msemaji: "Kila kaumu ikitengenezewa saa yake na nguo yake, je, huku si kuwagawanya watu?" Jawabu ni kwamba walikuwa wamekwisha kugawanyika: waliokuja uwanjani na waliobaki majumbani. Mwenye kuuliza kabla ya kupanga, akaepusha saa ya sala ya Ijumaa na jua la mchana wa Ramadhani, akaweka mwalimu mwanamke kwa wanawake, na akasema nao kwa lugha waifahamuyo, huyo amewakusanya.

Lakini lawama isiwe ya upande mmoja. Wako wazee wanaodai ya kuwa mazoezi ya nje hayamfalii mwanamke wa Kiislamu, nao huchanganya ada na dini. Yajulikana ya kuwa Mtume, Mwenyezi Mungu amsalie na ampe amani, alishindana mbio na Bibi Aisha, na alifunza ya kuwa mwili una haki juu ya mwenyewe. Basi baba aliyepewa kwa binti yake mwalimu mwanamke, na nguo ya sitara, na saa isiyogongana na ibada, kisha akakataa, udhuru wake umekwisha.

Kwa hivyo mwenye uwanja asijivunie mlango wake mpaka amwulize asiyeingia kilichomzuia. Na aliyeondolewa kizuizi asibaki nje. Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.