Uongo wa Huruma

Yapo maswali ambayo mwanasheria huyajibu kwa kifungu, na padre huyajibu kwa amri, na bado mwenye kuuliza huondoka na mzigo wake kichwani. Moja ndilo hili: Je, yafaa mtu mwema amshuhudie jirani yake uongo mbele ya ofisi ya serikali, ili jirani huyo asitolewe katika nchi aliyoishi karibu umri wake wote?

Swali hili hatukulitoa vitabuni. Katika wilaya za Kibaha na Kisarawe laweza kubisha hodi kwenye mlango wa mwenyekiti wa kijiji siku yoyote. Wilaya hizi zimepakana na Dar es Salaam, nazo ni mapito ya watu tangu zamani. Barabara ya Morogoro yapita Kibaha. Reli ya kati yapita Soga na Ruvu. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, yapita Mzenga katika Kisarawe. Mashamba ya mkonge yaliita manamba kutoka Msumbiji, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka majimbo ya mbali, hata waajiri wakaunda mwaka 1944 ofisi yao ya kuwatafuta, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Vita vya kuikomboa Msumbiji vilipoanza Septemba 1964, watu walivuka Ruvuma kwa maelfu wakikimbilia kwetu. Msumbiji ikapata uhuru Juni 1975. Wengi wakarudi kwao, wengine wakabaki. Wala wageni wa pwani hawakuwa maskini watupu. Kituo cha elimu cha Kibaha kilianzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa Denmark, Ufini, Norwei na Uswidi, na wataalamu wa huko walikaa nasi mpaka kituo kikakabidhiwa serikali yetu mwaka 1970. Hatujapata kusikia kwamba yuko mwanakijiji aliyewauliza babu zao walizaliwa wapi.

Basi tuchukue mfano wa mzee mmoja. Ni mfano tu, lakini msomaji wa pwani hatakosa kumtambua. Alizaliwa upande wa Mueda mwaka 1963, akavushwa Ruvuma mgongoni mwa mama yake mwaka 1966. Alikulia Kisarawe. Vijiji vya ujamaa vilipoanzishwa, alihesabiwa pamoja na wenziwe. Akapanda mikorosho, akaoa binti wa Kizaramo, akazaa. Kodi ya maendeleo aliilipa mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Misiba ya kijiji ameichimbia makaburi. Mpaka hapo hakuna aliyemwuliza karatasi, kwa sababu hakuna aliyekuwa nayo.

Ndipo zama zikabadilika. Ikaja namba ya kitambulisho cha taifa, na tangu mwaka 2019 laini za simu zikaanza kusajiliwa kwa alama za vidole na namba hiyo. Mtu asiye nayo hana simu kwa jina lake, naye kwenye benki husimamishwa mlangoni. Mzee wetu akajongea kwa mwenyekiti, akasema kwa sauti ya chini: Ndugu yangu, niandikie kwamba nimezaliwa Maneromango. Mwenyekiti anamjua mzee huyu kuliko anavyowajua binamu zake. Anajua pia kwamba hakuzaliwa Maneromango. Kalamu iko mkononi. Afanyeje?

Wengi watajibu upesi: Aandike! Uongo huu haumdhuru mtu, na ukweli utamdhuru mzee asiye na kosa. Jibu hilo latoka katika moyo mwema, na hatutaki kulidharau. Tena wenye kulitoa wana hoja nzito, nayo ni hii: mzee amekuwa mwenyeji kwa kila jambo ambalo mwanadamu huwa mwenyeji kwalo, yaani kwa jasho, kwa ndoa, na kwa makaburi ya wazee wake. Karatasi itakayosema kwamba yeye ni wa hapa itasema kweli kwa maana ya ndani, ijapokuwa jina la mahali alipozaliwa ni la uongo. Hivyo ndivyo wasemavyo.

Sisi twaona kwamba wanakosea, wala si kwa sababu amri ya nane yasema hivyo basi imekwisha. Wanakosea kwa sababu hawakutazama mbele ya kutosha. Uongo juu ya mahali pa kuzaliwa haufi na aliyeusema. Huingia katika cheti, cheti kikaingia katika kitambulisho, kitambulisho katika pasi ya kusafiria, na watoto wakaurithi kama wanavyorithi mikorosho. Siku moja, pengine miaka thelathini baadaye, kutazuka ugomvi wa mpaka wa shamba au wa kura za udiwani, na yuko atakayekumbuka. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yaruhusu uraia uliopatikana kwa udanganyifu unyang'anywe. Na yule aliyejiita mzaliwa bila ya kuwa mzaliwa hana hata cha kunyang'anywa, maana hakupewa kitu na mtu. Mwenyekiti alidhani amempa rafiki yake nyumba, kumbe amempa nyumba isiyo na msingi na kumwambia alale.

Tena barua ya mwenyekiti si mali ya mwenyekiti. Ni amana ya wanakijiji wote. Ikijulikana kwamba katika kijiji fulani barua hupatikana kwa huruma, haitachukua muda itapatikana kwa fedha, na watakaoinunua si wazee wa mikorosho. Barabara yetu ya Morogoro hupitisha vijana wa Ethiopia na Somalia wanaosafirishwa kwa siri kuelekea kusini mwa Afrika. Juni 2012 zaidi ya 40 kati yao walikufa kwa kukosa hewa ndani ya lori, na miili yao ikatupwa porini katika mkoa wa Dodoma. Wafanyao biashara hiyo huhitaji nyumba za kuficha watu na watu wa kunyamaza. Na siku barua za kijiji zikipoteza heshima, Mzaramo aliyezaliwa Maneromango kweli ndiye atakayesimama mbele ya afisa na kuambiwa, Barua za kwenu twazijua.

Lakini tusidanganyane. Ziko nyumba ambamo maneno haya yatapokewa kwa furaha mbaya. Wako wanaosema, Safi, mzee aripotiwe. Tuwaulize hao: mbona hamkumripoti miaka arobaini iliyopita, ardhi ya Kisarawe ilipokuwa haina bei? Reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, ina vituo Pugu, Soga na Ruvu, na viwanja vinatafutwa kwa tochi. Sheria za ardhi za mwaka 1999 hazimruhusu asiye raia kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwenye macho ataona mara moja jinsi neno hili dogo, si raia, linavyoweza kutumiwa kama panga la kukatia mpaka. Ukweli usemwao ili kumpora jirani shamba lake haukutakaswa kwa kuwa ni ukweli.

Na panga hilo halichagui wanyonge peke yao. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne mashuhuri hawakuwa raia, mmoja wao mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyekuwa amekwisha kulitumikia taifa kwa miaka mingi. Katika miaka ya 2017 na 2018 Mhashamu Askofu Severine Niwemugizi wa Rulenge-Ngara alihojiwa na Uhamiaji juu ya uraia wake. Ikiwa askofu aweza kuulizwa wazazi wake ni watu wa wapi, mkulima wa mihogo wa Kurui ajione salama kwa lipi?

Turudi kwa mwenyekiti, ambaye bado ameshika kalamu. Twamwambia asiandike uongo. Je, aandike ukweli na kumwacha mzee aangamie? Hapa ndipo tunapowasihi wasomaji wetu wajifunze sheria kidogo, kwa maana mara nyingi uongo husemwa mahali ambapo haukuhitajika hata kidogo. Watoto wa mzee huyu wamezaliwa Tanzania na mama aliye raia. Hao ni raia kwa kuzaliwa, wala hawahitaji baba yao awe mzaliwa wa Maneromango. Kadhalika, mtu aliyezaliwa Tanganyika kabla ya tarehe 9 Desemba 1961, na mmoja wa wazazi wake akiwa amezaliwa Tanganyika, alikuwa raia siku ile ile ya Uhuru bila kuomba. Wale ambao wazazi wao wote wawili walizaliwa nje walipewa miaka miwili ya kujiandikisha. Wangapi leo wanajificha, na hali wakiulizwa vizuri ingeonekana kwamba hawana cha kuficha! Hofu imewafundisha uongo, na uongo umewatia katika hatari ambayo hawakuwa nayo.

Mzee mwenyewe, naam, si raia. Njia yake ni uraia wa tajnisi. Sheria yataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia awe amekaa jumla ya miaka isiyopungua saba. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Awe na tabia njema. Kwa masharti hayo mzee wetu angepita akiimba. Taabu iko katika karatasi, maana ofisi hutaka kuona vibali vya ukaazi, naye hakupata kuwa na kibali. Tena kuna ada, kuna tangazo la gazetini, kuna kamati za kata na wilaya, na mwisho wa yote neno la Waziri, ambaye sheria haimlazimu kutoa sababu na ambaye uamuzi wake hauna rufani. Mwekezaji mwenye kiwanda Kibaha ana wakili wa kumtembelea ofisi hizo. Mke mgeni wa raia ana njia yake nyepesi iliyoandikwa katika sheria. Mume mgeni wa mwanamke raia hana njia kama hiyo. Huomba kama mtu baki. Twashindwa kuona kwa nini ndoa ya binti wa Kizaramo iwe na uzito mdogo kuliko ndoa ya kaka yake, hali walifunga mbele ya altare moja.

Kwa hiyo lawama ya uongo huu haimwangukii mwenyekiti peke yake. Sheria ikiufanya mlango wa kweli kuwa mwembamba kiasi hiki, nayo ina sehemu katika dhambi ya wanaopita dirishani. Na taifa letu halikosi uwezo wa kupanua mlango. Oktoba 1961 Mwalimu Nyerere alisimama Bungeni akakataa katakata uraia upimwe kwa rangi ya ngozi, akawa tayari hata kuachia madaraka kwa ajili hiyo. Mwaka 1983 alipewa nishani ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Warundi waliokuja mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, walipewa uraia wapatao 162,000, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Majirani zetu wa Kenya nao: Wamakonde wa Kwale walitembea kwa miguu kuelekea Nairobi Oktoba 2016, na kabla ya mwaka kwisha wakaanza kupewa vitambulisho. Walikuwa watu wa historia ile ile ya mzee wetu, manamba na wana wa manamba. Hawakusema walizaliwa mahali ambapo hawakuzaliwa. Walisema, Sisi ni Wamakonde, tumetoka Msumbiji, tumekaa hapa, na majirani zetu wakasimama nasi kushuhudia.

Ushahidi wa namna hiyo ndio tunaomwomba mwenyekiti. Aandike kwamba mtu huyu alifika kijijini akiwa mtoto mchanga, mwaka fulani, na mama fulani. Kwamba amekaa miaka yote hiyo. Kwamba ana mke na watoto, na kwamba wanakijiji hawana neno baya juu yake. Barua hiyo ni ya kweli tupu, nayo yaweza kufuatana naye mpaka Uhamiaji, pamoja na wazee wawili watatu wasiogopa kupanda basi kwenda kusema waliyoyaona. Kwenda pamoja naye ni taabu kuliko kuandika uongo, twakiri. Uongo huchukua dakika tano, na baada yake mwenyekiti hurudi kwenye kahawa yake.

Twajua kwamba barua ya kweli yaweza kushindwa. Afisa aweza kuisoma na kumwamuru mzee aondoke. Yatupasa kulisema hili wazi, kwa sababu mtu anayeshauri ukweli bila kutaja gharama yake anashauri kwa mali ya mwenzake. Ikitokea hivyo, kijiji kizima kina deni: kumtafutia msaada wa sheria, kupeleka malalamiko kwa mbunge, kuyalinda mashamba ya watoto wake walio raia yasiguswe na mtu. Nasi tulio na wana na mabinti nje, wengine Afrika Kusini, wengine Uarabuni, wengine Marekani, baadhi yao bila kibali tangu viza zilipokwisha, twajua tungependa majirani zao wa huko wawatendee nini.

Liko jambo moja ambalo parokia zaweza kulianza bila kungoja Bunge. Vitabu vya ubatizo huandika jina la mtoto, wazazi wake na siku yake, na cheti cha ubatizo ni miongoni mwa karatasi zinazopokelewa anapoandikishwa kwa kuchelewa mtu aliyekosa cheti cha kuzaliwa. Makatibu wa parokia wavifungue vitabu hivyo kwa wenye kuuliza, wavinakili kabla mchwa hawajavila, na asije mtu akawashawishi kuongeza ndani yake mstari ambao haukuwamo. Na familia ambazo wazee wao bado wako hai waketi nao jioni moja, waandike: alitoka wapi, alipita wapi, alifika na nani, nani alimpa shamba. Mashahidi wa mwaka 1966 wanapungua kila msimu wa mvua.