Nani Atauliza kwa Niaba ya Mshtakiwa?

Mshtakiwa anapopanda kizimbani katika Mahakama ya Kibera, jijini Nairobi, jambo la kwanza linalongojwa kutoka kinywani mwake ni jibu fupi: ni kweli au si kweli. Karani amemsomea mashtaka, akiyafasiri palepale kutoka Kiingereza cha polisi, na hakimu ameshika kalamu. Tuseme ni kijana wa Kabiro, kule Kawangware, anayedaiwa kuiba simu. Anajibu: "Ni kweli, lakini niliiokota." Je, amekiri au amekana? Mwaka 1973, katika rufaa ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliagiza kwamba mshtakiwa aelezwe shtaka kwa lugha anayoielewa, jibu lake liandikwe kwa maneno yake mwenyewe kadiri inavyowezekana, asomewe maelezo ya tukio, na akisema lolote linalotia shaka, iandikwe kwamba amekana. Kwa hiyo ile "lakini" ina uzito mkubwa kisheria. Shida ni kwamba kijana mwenyewe hajui, na asubuhi yenye foleni ya washtakiwa, "lakini" humezwa upesi na "ni kweli" iliyoitangulia.

Kwa nini kijana huyu astahili wakili? Kesi yake inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na jina hilo halikuwekwa kwa mapambo. Upande mmoja wapo polisi waliomkamata, mpelelezi aliyekusanya taarifa za mashahidi, na kiongozi wa mashtaka. Upande wa pili yupo mtu mmoja aliyelala seli. Halafu Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 50, inaiagiza dola impe huyo inayemshtaki wakili kwa gharama ya dola yenyewe ikiwa bila wakili kutatokea dhuluma kubwa. Ukilitazama jambo hili vizuri, ni la ajabu. Mshtaki anamlipa mtu wa kumpinga. Methali inasema mwenye nguvu mpishe. Katiba inamwamuru mwenye nguvu ajiwekee kizuizi njiani.

Jibu la kawaida ni kwamba wakili yupo ili asiye na hatia asifungwe. Ni jibu zuri, ila halifiki. Katiba haikumtengea wakili asiye na hatia peke yake, wala isingeweza, maana kabla ya hukumu kila mshtakiwa huhesabiwa hana hatia. Wengine husema wakili anahitajika kwa kuwa anaijua sheria. Kweli, lakini hakimu naye anaijua. Naona mzizi uko kwingine: utetezi ni kazi ya kuuliza, na anayeshtakiwa hayuko mahali pa kuuliza.

Tazama shahidi wa kwanza anapomaliza kutoa ushahidi. Hakimu anamgeukia mshtakiwa asiye na wakili: "Una swali kwa shahidi?" Anajibu, "Huyu ananisingizia. Siku hiyo nilikuwa mjengo." Hakimu, bila ubaya wowote, anamkumbusha: "Hilo si swali. Utajitetea wakati wako ukifika." Anaeleza tena, anakatizwa tena, mwishowe anasema hana swali. Faili litabaki likionyesha kwamba shahidi hakuhojiwa. Mtu huyu hakukosa la kusema, alikosa utulivu. Anayeshtakiwa damu inamchemka. Kila anachosikia anataka kukikana, na kukana ni kuweka kauli dhidi ya kauli. Wakili angeuliza: Ilikuwa saa ngapi? Taa ilikuwa wapi? Ulimjua kabla ya siku hiyo? Ulipoandikisha taarifa polisi, ulilitaja jina lake? Hakuna swali hapo linalomwita shahidi mwongo. Shahidi mkweli atapata nafasi ya kuonyesha ukweli wake, na aliyekosea ataonekana alipokosea.

Wakazi wa Kibera na Kawangware wanaijua mahakama isiyo na swali hata moja. Mtu anapaza sauti, "Mwizi!" na kabla hajapumua mawe yameshaokotwa. Katika umati ule yupo mshtaki, wapo mashahidi, ipo hukumu na wapo wa kuitekeleza. Asiyekuwapo ni wa kuuliza: kaiba nini, cha nani, nani kamwona? Akitokea mama mmoja wa kibandani akauliza hivyo, na umati ukamsikiliza, huyo amekuwa wakili bila cheti. Kinachotenga mahakama na umati si jengo wala joho, ni kwamba mahakamani swali hilo limepewa nafasi na muda, hata kama hakuna anayependa kulisikia.

Mtu atasema hakimu mwadilifu anatosha, aulize yeye. Lakini akianza kuwabana mashahidi wa Jamhuri kwa niaba ya mshtakiwa, ameacha kiti chake. Asipowabana, swali linabaki bila mwenyewe. Isitoshe, kuna mahakama ambazo uadilifu umeuzwa. Tarehe 8 Aprili 1953, huko Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake watano walihukumiwa kifungo na Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyelipwa pauni 20,000 na serikali ya kikoloni. Walikuwa na mawakili hodari, akiwemo D. N. Pritt kutoka Uingereza, Achhroo Kapila na Fitz de Souza, na bado walifungwa. Hata hivyo maswali aliyobanwa nayo Rawson Macharia, shahidi mkuu wa serikali, yaliingia kwenye kumbukumbu, na mwaka 1958 Macharia mwenyewe alikula kiapo kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Utetezi haukuwaepusha wale sita na jela. Uliizuia hukumu isipite kama ukweli.

Pingamizi gumu zaidi linatoka kwa aliyeibiwa. Mama aliyeporwa pesa za biashara ana haki ya kuuliza kwa nini kodi yake imlipie mwizi wakili, ilhali yeye nauli ya kwenda kutoa ushahidi hana wa kumpa. Uchungu wake haufai kupuuzwa, na ni kosa la dola kumwacha hivyo. Lakini anachodai ni kwamba aliyempora aadhibiwe, si kwamba apatikane mtu yeyote wa kuadhibiwa. Akifungwa asiyehusika, mama amedhulumiwa mara ya pili, na mporaji bado anapita mtaani kwake.

Hapa ndipo yale maneno "dhuluma kubwa" yanapoleta mtego. Mwaka 2017, katika kesi ya Jamhuri dhidi ya Karisa Chengo, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba si kila mshtakiwa anayepata moja kwa moja wakili wa kulipiwa na serikali. Huangaliwa uzito wa shtaka na adhabu yake, ugumu wa kesi, uwezo wa mshtakiwa kulipa, kama ni mtoto, kama anajua kusoma na kuandika. Ni vigezo vya busara, lakini nani atakayevieleza mbele ya hakimu? Ili aonyeshe kwamba anahitaji wakili, mshtakiwa anahitaji wakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 ilijaribu kulifungua fundo hilo kwa kuitaka mahakama imjulishe mshtakiwa haki yake. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliyeshtakiwa kwa mauaji katika Mahakama Kuu alipewa wakili, huku wa wizi wa mabavu, kosa ambalo nalo adhabu yake kisheria ni kifo, akijitetea peke yake mbele ya hakimu. Na kutoka Kabiro hadi Lavington, mtaa wa matajiri, ni mwendo wa miguu tu, ila huko wakili hupigiwa simu kabla gari la polisi halijafika kituoni.

Thamani ya swali hujulikana zaidi na wale wanaoliogopa. Josephat Mwenda, mwendesha bodaboda, alilalamika kwamba afisa wa polisi alimpiga risasi, kisha yeye mwenyewe akajikuta ameshtakiwa. Tarehe 23 Juni 2016, alipokuwa akitoka Mahakama ya Mavoko pamoja na wakili wake Willie Kimani na dereva wa teksi Joseph Muiruri, walitekwa nyara. Miili yao ilipatikana mtoni, Ol Donyo Sabuk. Kesi ya mauaji yao ilichukua miaka, na muda wote huo washtakiwa walikuwa na mawakili waliowahoji mashahidi mmoja baada ya mwingine. Julai 2022 maafisa watatu wa polisi na raia mmoja aliyekuwa mpashaji habari wao walipatikana na hatia, na afisa mwingine akaachiliwa huru. Tunaweza kuiamini hukumu ile kwa sababu ilipitia maswali yote, na kwa sababu ilimtenga aliyethibitishwa na asiyethibitishwa. Kama walioshtakiwa kwa kumuua wakili walistahili kutetewa na mawakili, sioni mshtakiwa gani tutakayemwambia hastahili.