Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 16: Neema za Njiani



Juzi baada ya Adhuhuri mzee wetu mmoja wa safu ya kwanza alisema neno ambalo nadhani wengi mnalo moyoni. "Ustadhi, Ramadhani ya mjini haina ladha. Kwetu Rufiji mwezi ulikuwa unauona mpaka kwenye nyuso za watu." Tukacheka, tukaagana. Lakini neno lile nimelala nalo.

Ni kweli Dar es Salaam inachosha. Mtu anatoka Mbagala giza halijaondoka, anarudi giza limeingia, na kila kilichopo katikati anakiona ni kizuizi tu: foleni, joto, jasho, msongamano mlangoni kwa daladala. Sibishani na hilo. Ila tujiulize, ni mji ndio hauna ladha, au ni sisi ndimi zimetufa ganzi kwa kushiba miezi 11 mfululizo?

Maana funga ina kazi moja hatuisemi sana. Inatuamsha pua, masikio na macho. Kona ile ile wanayokaangia vitumbua mwaka mzima, umeipita mara ngapi bila kugeuka? Ipite leo saa kumi na moja jioni! Harufu inakupokea nyumba tatu kabla hujafika. Unasikia harufu ya tui la nazi kutoka uani kwa mtu usiyemjua, na unaweza kubashiri kama kilichomo ni magimbi au maharage. (Kuna kijana aliniuliza kama kusikia harufu ya chakula kunabatilisha funga. Hakubatilishi, tulia.) Na maji, jamani. Jagi lile lile la kila siku ukiliona mezani limetoka jasho kwa nje, zimebaki dakika 10, unalitazama kama hujawahi kuona maji maishani.

Usiku vile vile. Tukitoka kwenye tarawehe, muuza kahawa anapita anagonganisha vikombe vyake, wala haiti mtu kwa mdomo, na watu wanajua waende na kashata itakuwepo. Upepo wa bahari unaingia mpaka uchochoroni. Wale wanaovuka kwenda Kigamboni watakwambia habari ya Magharibi kuwakuta ndani ya pantoni: mtu ambaye hujui hata jina lake anakunyooshea tende, mnafuturu mkiwa mmesimama, maji pande zote. Hiyo ni Ramadhani ya mjini, na ladha inayo.

Sasa wapo wanaosema, "Ustadhi, haya ni mambo ya tumbo, tuzungumzie Akhera." Ndugu yangu, Mtume (S.A.W.) ndiye aliyetufundisha kwamba mfungaji ana furaha mbili, moja anapofuturu na nyingine atakapokutana na Mola wake. Zimetajwa pamoja, katika hadithi moja. Kufurahia futari si upungufu wa imani. Na Anas bin Malik (R.A.) anasimulia kwamba mvua iliwanyeshea wakiwa na Mtume, naye akaifunua nguo yake kidogo ili matone yamguse mwilini. Walipomuuliza sababu, akawaeleza kuwa mvua ile imetoka sasa hivi kwa Mola wake. Sisi masika yanapokaribia tunaiona mvua tunalalamika matope. Yeye alisimama akaipokea kwa ngozi yake.

Lakini furaha hii ina hesabu yake, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri.

Imo katika Sahih Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.): Mtume alitoka nyumbani akawakuta Abubakar na Umar nje. Akawauliza kilichowatoa, wakasema njaa. Naye akasema kilichomtoa ni hicho hicho. Wakaenda kwa Answari mmoja, wakamkuta amekwenda kuteka maji matamu. Aliporudi akafurahi kwa wageni wale, akawaletea shada la tende, akachinja, wakala wakanywa. Walipokwisha kushiba, Mtume akawaambia kwamba neema hii wataulizwa Siku ya Kiyama. Katika mapokezi ya Tirmidhi vimetajwa vitu vyenyewe: kivuli cha baridi, tende nzuri, maji ya baridi.

Tazameni. Kivuli! Hawakutajiwa majumba wala dhahabu, tena walikuwa watu waliotolewa nyumbani na njaa. Ndiyo aya ya mwisho ya Suratut-Takaathur hiyo. Basi kile kivuli cha mwembe unachosubiria bodaboda kimo kwenye hesabu, na ule upepo wa pantoni umo.

Na kwenye hesabu hiyo wamo watu. Mtume ametufundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Mama anayepika chapati pale kona naye amefunga. Tangu Alasiri yuko mbele ya jiko la mkaa, ile harufu tunayoisifu sisi yeye imemkaa machoni na kifuani saa tatu. Adhana inapokaribia ndipo tunapomzonga. "Dada fanya haraka! Hii umeikausha! Punguza mia!" Magharibi inaadhiniwa, sisi tunakimbia na mifuko, yeye anabaki anageuza ya mwisho ya mteja aliyechelewa. Harufu ya chapati zake tunaijua tukiwa mbali, jina lake hatulijui. Na konda je? Abiria wote wanafungua chupa za maji, yeye ananing'inia mlangoni anadai nauli, na mkono mmoja ameshika chenji zetu.

Sijui kama tutakuwa na jibu tukiulizwa nani alifuturu mwisho ili sisi tufuturu mapema.

Kwa hiyo leo nina maombi. Anayenunua futari anunue kabla ya saa kumi na mbili, amlipe mama wa watu bei yake, amuulize jina. Aliye ndani ya daladala adhana ikilia, chupa ya kwanza impite konda na dereva.

Na kwa wanaokutwa na Magharibi njiani, kamati imeweka meza nje ya lango letu, upande wa barabara: ndoo ya maji yenye bomba, vikombe na sinia la tende. Jana tende ziliisha kabla adhana haijamalizika, na vijana wawili wa bodaboda walipata maji tu. Mwenye pakiti moja ya ziada nyumbani aikabidhi kwa muadhini kabla ya Alasiri.